Ng'oa, Usigonge: Hotuba kuhusu Loda ya Trekta na Vichaka Sugu

(Naiweka hapa hotuba yote kama nilivyoitoa mbele ya wakulima na madereva, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi madereva na mafundi mliosimama kule nyuma, hamjambo? Sogeeni kidogo, nafasi ipo. Maneno mengine nitakayosema yanawahusu ninyi zaidi kuliko hawa waliokaa.

Najua wengi mmekuja na shida moja. Una shamba, na sehemu ya shamba hilo imemezwa na vichaka. Una trekta, liwe lako au la kukodi, na mbele yake kuna loda: ile mikono miwili ya chuma yenye ndoo. Swali lako ni je, ndoo ile inaweza kunisafishia pori?

Nakujibu ndiyo. Inaweza, na inaweza vizuri. Lakini si kwa namna ambayo wengi wetu tunaitumia. Loda haikuundwa kugonga. Loda iliundwa kunyanyua. Anayeitumia kunyanyua atakimaliza kichaka, na anayeitumia kugonga ataimaliza loda. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Tuanze na kichaka chenyewe. Kiko wapi? Nikiwauliza mtaninyooshea kidole: kile pale, chenye miiba, kimeninyima malisho miaka yote. Ndugu zangu, yale mnayoyaona ni matawi. Kichaka kiko chini.

Kuna mkulima mmoja ninayemfahamu, mtu wa bidii kweli kweli. Kila msimu alikuwa anaingia na slasha ya trekta, anafyeka eneo lake lote hadi linapendeza. Watu wakipita wanamsifu. Mvua zikinyesha, kila shina alilolikata linatoa matawi matano, sita. Msimu unaofuata anafyeka tena, na matawi yanaongezeka tena. Ilifika mahali ambapo zamani mtu alikuwa anapita wima kati ya kichaka na kichaka, sasa hata mbuzi anageuka. Mzee yule alijiona yuko vitani na pori, kumbe kazi aliyokuwa anaifanya ni kulipogolea!

Kwa nini hivyo? Chukueni prosopisi, ule mti ambao baadhi yenu mnauita mathenge. Macho yake ya kuchipua yako kwenye shingo, pale shina linapokutana na mzizi, na mengi yamefukiwa chini ya udongo. Ukiukata usawa wa ardhi, macho yale hujayagusa hata moja. Chini kuna mzizi wenye akiba ya chakula, na juu umeondoa kila kitu kilichokuwa kinatumia akiba hiyo. Utachipua, tena kwa kasi. Lakini ukiung'oa pamoja na shingo yake, hauna pa kuanzia. Kwa mti uliokomaa, ukishuka sentimita 30 hivi chini ya ardhi uko mahali salama.

Lantana, kichaka kingine sugu, ina tabia yake nyingine. Shina lake hurudi kutoka tumboni mwa kisiki, na tawi likilala juu ya udongo wenye unyevu linaweza kuota mizizi na kuwa mche mpya. Kwa hiyo anayeisukuma lantana kwa ndoo na kuifukia kwenye udongo mbichi asishangae ikirudi. Na tafadhali, msiwaachie ng'ombe wenye njaa marundo ya lantana mbichi. Ina sumu inayoharibu ini, na mnyama aliyeila ngozi yake huungua juani.

Iko pia miti ambayo mizizi yake ya pembeni ikikatika, kila kipande kinachipua. Hiyo huiwezi kwa chuma peke yake, hata uje na mashine ya ukubwa gani. Kwa hiyo kabla hujawasha trekta, chimba kichaka kimoja kwa jembe la mkono na ukiangalie. Shingo iko kina gani? Mzizi unashuka moja kwa moja au unatambaa? Asubuhi moja ya kuchimba inakwambia utumie kifaa gani kwa kazi ya mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye vifaa.

Ndoo tupu, ile iliyokuja na loda, ndicho kifaa dhaifu kuliko vyote kwa kazi hii. Mdomo wake ni bapa. Ukiusukuma kwenye kichaka, matawi yanalala, ndoo inapanda juu yake, na ukipita yanasimama tena. Ukiushusha zaidi unaanza kukwangua, na unachokwangua ni udongo wa juu, ule mweusi unaolisha kila kitu unachopanda. Mizizi inabaki, udongo unaondoka. Je, hiyo ni kazi ya kumlipa mtu?

Hatua ya kwanza ya nafuu ni kufunga meno kwenye mdomo wa ndoo. Chuma kirefu chenye meno kinafungwa kwa bolti, na tayari ndoo ileile inaweza kuingia chini ya mzizi. Hatua ya pili ni makucha: vidole vya chuma vyenye nafasi kati yake kwa chini, na taya la juu linalofunga. Udongo unapita katikati ya vidole na kurudi shambani, kichaka kinabaki mkononi. Taya lile linahitaji njia yake ya haidroliki, yaani ya nguvu ya oili, kwa hiyo muulizeni fundi kama trekta lenu lina njia ya ziada au itabidi iongezwe. Kipo pia kibano, taya mbili zinazolibana shina karibu na ardhi na kulivuta. Ni kizuri kwa mti mmoja mmoja wenye shina jembamba, lakini kwenye kichaka kilichoshonana kinachelewesha.

Mkinibana nichague kimoja, nachagua makucha ya vidole wazi. Yanang'oa, yanakung'uta, yanabeba na yanapanga marundo, yote bila mtu kushuka kushika miiba kwa mikono.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kifaa kizuri mikononi mwa mtu mwenye haraka kinavunjika kama kibaya.

Nilishuhudia kazi moja iliyofanywa na madereva wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye nguvu na trekta kubwa. Alirudi nyuma, akapiga resi, akauvamia mti. Mti ukatikisika. Vijana waliokuwa pembeni wakashangilia. Akarudi nyuma zaidi, akauvamia tena. Mti ulipoanza kuinama, tukaona oili inachuruzika mguuni pa loda. Fimbo ya jeki ya kushoto, ile silinda ya oili inayoisukuma loda, ilikuwa imepinda. Kazi ikasimama hapohapo, na mti ukabaki umeinama vilevile.

Aliyekuja baadaye alikuwa mama mmoja wa makamo, na trekta lake lilikuwa dogo zaidi. Alishuka kwanza. Akakizunguka kichaka kwa miguu, akainua matawi kwa fimbo, akatafuta mawe, waya wa uzio wa zamani na mizinga ya nyuki. Akarudi kwenye kiti, akafunga mkanda, akaweka gia nzito. Akayashusha meno yaingie ardhini hatua moja ndogo kabla ya shina, yakielekea chini ya shingo. Akasonga kidogo, akasimama. Kisha akaanza kuikunja ndoo, taratibu, injini inanguruma kwa sauti moja. Udongo ukapata ufa, ufa ukalizunguka shina, mzizi mmoja wa pembeni ukachomoza ukiwa umekazwa kama kamba, ukakatika kwa mlio. Haukung'oka. Je, alipiga resi? Hapana! Alirudi nyuma, akaenda upande wa pili, akaikata mizizi ya upande ule kwa namna ileile. Aliporudi upande wa kwanza, mti ukatoka na shingo yake yote. Akaukung'uta mara mbili juu ya shimo lake, udongo ukarudi ulikotoka, akaenda kuuweka kwenye rundo.

Tofauti yao ni nini? Kijana alitumia mwendo, mama alitumia jeki. Kishindo cha chuma na mti hakiongezeki sawasawa na mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nishati inayotakiwa kumezwa na kile chuma ni mara nne. Mti una mizizi ya kuimeza. Loda ina pini, bushi, na fimbo za jeki. Nani atashindwa kwanza?

Na nguvu ya kukunja ndoo, madereva mnaijua hii, kwa kawaida huizidi nguvu ya kunyanyua mikono yote, kwa sababu mzigo uko karibu na egemeo lake. Kwa hiyo kinachong'oa ni kukunja. Mikono inakuja baadaye kubeba kilichokwisha kung'oka.

Fimbo ya jeki iko hatarini zaidi ikiwa imetoka nje yote, yaani ndoo imeinamishwa sana kwenda chini. Ukisukuma katika hali hiyo, au ukirudi nyuma ukikwangua, mzigo wote unaishukia fimbo nyembamba isiyo na kinga. Ndivyo zinavyopinda. Na usisukume kwa kona moja ya ndoo. Mikono ya loda inajisokota, na ikishasokotwa hairudi sawa tena.

Chagueni pia wakati. Udongo mkavu kabisa unaishika mizizi kama saruji, inakatika juu na shingo inabaki chini. Udongo wa matope unalitelezesha trekta, na matairi yanaushindilia hadi maji yanashindwa kupenya. Subirini siku chache baada ya mvua. Chukueni konzi ya udongo mkiubana: ukishikana halafu ukavunjika kwa kuguswa na kidole, siku hiyo ni ya kazi.

Neno moja kwa wanaokodi. Dereva anayelipwa kwa eka hukimbia, na simlaumu, ana watoto wa kulisha. Kwa kung'oa vichaka, kubalianeni naye kwa saa, na mkubaliane mapema kwamba mti ukitoka bila shingo haujatoka.

Ndugu zangu, sasa niseme juu ya uhai. Hapa nitaomba utulivu.

Ipo familia ambayo leo haina baba kwa sababu ya kisiki. Loda ilishindwa kukitoa, wakaona wakivute kwa nyuma na mnyororo. Mnyororo ukafungwa juu, kwenye mkono wa juu wa nyuma ya trekta, kwa sababu pale palikuwa rahisi kufikia. Baba akaachia klachi. Kisiki hakikutoka. Trekta likainua pua, likapinduka kinyumenyume juu yake.

Mtu atasema angewahi kukanyaga klachi. Asingewahi! Trekta likianza kuinuka hivyo, linafika mahali pasipo na kurudi kabla sekunde moja haijaisha. Wewe bado hujaelewa kinachotokea. Kwa hiyo kama ni lazima kuvuta, mnyororo unafungwa kwenye chuma cha kukokotea kilicho chini, na si pengine popote. Si kwenye ekseli, si kwenye mkono wa juu. Na mimi nasema, kisiki ambacho loda imekishindwa, chimbeni pembeni, kateni mizizi, mrudi kesho.

Ule upinde wa chuma unaosimama nyuma ya kiti si pambo. Sweden iliulazimisha kwa matrekta yote mapya kuanzia mwaka 1959, na vifo vya kuangukiwa na trekta vikapungua sana huko. Lakini upinde unakulinda ukiwa umefunga mkanda. Usipofunga, trekta linapopinduka linakurusha nje, na upinde wenyewe unaweza kukuangukia. Naona madereva wengi wanaushusha upinde ili wapite chini ya matawi, halafu wanasahau kuusimamisha. Tawi linakatwa kwa msumeno, ndugu yangu. Usishushe upinde kwa ajili ya tawi.

Loda inaongeza hatari nyingine, nayo ni uzito ulio mbele na juu. Kichaka chenye udongo kwenye mizizi ni kizito kuliko kinavyoonekana. Ukikinyanyua, uzito mwingi unahamia ekseli ya mbele, na matairi ya nyuma yanakuwa mepesi. Na breki za matrekta mengi ziko wapi? Nyuma! Kwa hiyo kwenye mteremko, dereva aliyebeba mzigo mbele bila kitu cha kulikandamiza trekta nyuma anakanyaga breki ya tairi ambalo halijagusa ardhi vizuri. Fungeni uzito nyuma: kitalu cha zege, boksi la mawe, au hata kifaa kizito kilichofungwa vizuri kwenye mikono ya nyuma. Uzito huo unatuliza trekta na unaipunguzia mzigo ekseli ya mbele.

Na mzigo ubebwe chini, karibu na magoti ya mtu, usipite hapo. Ekseli ya mbele ya trekta imeshikwa katikati kwa pini moja ili tairi zifuate mabonde. Maana yake ni kwamba kwa upande wa kupinduka, trekta limesimama juu ya pembetatu: tairi mbili za nyuma na ile pini. Mzigo ukiwa juu, tairi moja likiingia kwenye shimo la kisiki ulichong'oa mwenyewe dakika kumi zilizopita, linatosha kukuangusha. Kwa hiyo fukieni mashimo mkiwa mnaendelea, msisubiri mwisho.

Mafundi, hili ni lenu. Mpira wa haidroliki ukitoboka tundu dogo kama ncha ya sindano, msitafute uvujaji kwa kiganja. Oili ile inatoka kwa shinikizo linaloweza kuipenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo, karibu haliumi, na kesho yake mkono umevimba. Mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe ni oili ya haidroliki iliyoingia, kwa sababu mara nyingi dawa yake ni upasuaji. Tumieni kipande cha kadibodi kutafuta panapovuja.

Yaliyobaki kwa haraka. Majani makavu yanajaa kwenye rejeta na karibu na bomba la moshi: zima injini, safisha kila baada ya muda, uwe na maji au kizima moto karibu. Tawi refu likisukumwa linaweza kupenya mpaka kwenye kiti kama mkuki, kwa hiyo wekeni wavu wa chuma mbele ya dereva. Miiba ya prosopisi inatoboa tairi. Na nyuki wakitoka, usishuke kukimbilia vichakani. Ondoka na trekta.

Jambo langu la mwisho linahusu ardhi mliyoisafisha.

Nililiona shamba moja ambalo mwenyewe alitaka liwe safi kama uwanja wa mpira. Loda ikakwangua kila kitu, marundo yakachomwa, ardhi ikabaki nyekundu tupu ikiusubiri msimu. Mvua ya kwanza ilipofika ilikuwa kubwa. Maji hayakukuta jani la kuyapunguza mwendo wala mzizi wa kuushika udongo. Ilipokatika, chini ya mteremko kulikuwa na tope jingi na juu kulikuwa na mifereji. Na baada ya muda, katika mifereji ile ile, kilichoota kwanza ni nini? Ni vichaka. Mbegu zake zilikuwa humo udongoni miaka yote, zikisubiri mwanga.

Kwa hiyo msisafishe eneo kubwa kuliko lile mnaloweza kulipanda majani au mazao mara moja. Safisheni kipande, pandeni kipande, halafu songeni mbele. Kingo za mito ziacheni. Miteremko mikali iacheni, au mng'oe mti mmoja mmoja kwa mkono. Marundo si lazima yachomwe yote: yaliyokauka kabisa mnaweza kuyapanga kwa mstari unaokatisha mteremko, yakapunguza kasi ya maji. Mkiamua kuchoma, msichome rundo kubwa mno mahali pamoja, kwa sababu moto wa muda mrefu unaua kila kilicho hai kwenye udongo wa chini yake na sehemu ile inachelewa kuota.

Halafu rudini. Loda ikiondoka, kazi inahamia kwenye jembe la mkono. Baada ya mvua ya kwanza tembeeni eneo lote, mche wa kichaka ukiwa mdogo unang'oka kwa vidole viwili. Rudini tena baada ya mvua ya pili. Wanaopoteza shamba mara ya pili ni wale ambao walimlipa dereva vizuri, wakapiga picha, wakakaa.

Nimeongea vya kutosha, na jua linapanda. Trekta liko pale nyuma ya hema na naona loda yake imeachwa hewani. Dereva, tafadhali ishushe ndoo hadi chini kabisa na uzime injini kabla watoto hawajaanza kucheza chini yake. Wanaotaka kujaribu, njooni tuanze kwa kupaka grisi kwenye pini zote, kisha tutafunga uzito wa nyuma, na mama yetu aliyekaa pale mbele amekubali kuwa wa kwanza kushika usukani.